Tony Gregory: diwani wa Dublin aliyeamua nani awe Waziri Mkuu

Jina la Tony Gregory likitajwa Ireland, jambo la kwanza linalokumbukwa ni makubaliano ya Machi 1982. Mbunge mpya asiye na chama alimpa Charles Haughey kura ya uwaziri mkuu, na Haughey akaahidi mamilioni ya pauni kwa mitaa maskini ya katikati ya Dublin. Wapo wanaouita huo ujasiri, na wapo wanaosema aliiteka serikali nyara. Ubishi huo umedumu zaidi ya miaka 40, na kwa maoni yangu sehemu kubwa yake inagusa juu juu tu. Swali lenye maana zaidi ni hili: kwa nini diwani aliyetaka watu wake wajengewe nyumba za baraza la jiji ilibidi azitafute mezani kwa Waziri Mkuu?

Gregory alizaliwa Desemba 1947 katika mitaa ya kaskazini mwa katikati ya Dublin, Ballybough. Baba yake alikuwa kibarua wa maghala bandarini. Mama yake alitoka Croghan, kijiji cha wilaya ya Offaly, akaja mjini kufanya kazi ya kuhudumu mezani. Familia iliishi katika chumba kimoja cha nyumba ya kupanga Charleville Street: kupika humo, kulala humo, kufua humo. Mama alipokwenda kuomba nyumba kwa wakuu wa jiji, aliambiwa arudi akishapata watoto sita. Yeye alikuwa na wawili. Wazazi hao wakajinyima, wakaweka akiba miaka kadhaa, hatimaye wakanunua nyumba ndogo Sackville Gardens, karibu na uwanja wa michezo wa Croke Park. Gregory aliisimulia habari hiyo ya watoto sita maisha yake yote, na hakuisimulia ili aonewe huruma. Alitaka watu waelewe kwamba kwa maskini wa Dublin serikali ilikuwa ni mtu aliyeketi nyuma ya dirisha la ofisi ya nyumba, na kwamba yeye ndiye aliyeamua kama mtalala wanne chumba kimoja au la.

Alisoma O'Connell School, shule ya mabruda wa Kikatoliki, akaendelea hadi chuo kikuu cha UCD, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa kijana wa mtaa ule. Baadaye akawa mwalimu: kwanza Synge Street, kisha Coláiste Eoin huko Booterstown, shule inayofundisha kwa Kiayalandi, ambako alishika masomo ya historia na Kifaransa. Siasa alikuwa ameziingia mapema zaidi, akiwa na miaka 16, kupitia Sinn Féin, chama kinachotaka Ireland yote iwe nchi moja. Chama hicho kilipopasuka mwaka 1970 alifuata upande ulioitwa Official, na alipouacha akawa karibu na Seamus Costello, kiongozi wa mrengo wa kushoto ambaye pia alikuwa diwani katika wilaya ya Wicklow. Costello aliuawa kwa risasi Oktoba 1977, karibu na North Strand, mitaa ile ile aliyokulia Gregory. Baada ya hapo Gregory hakudumu tena ndani ya chama chochote. Mwaka 1979 aligombea udiwani wa jiji la Dublin kama mgombea wa jumuiya, akiungwa mkono na watu waliokuwa tayari wanafanya kazi mitaani, na akashinda.

Alichokikuta barazani ndicho kinachoeleza yote yaliyofuata.

Diwani wa Ireland ana mamlaka machache kuliko wapiga kura wengi wanavyodhani. Tangu sheria ya mwaka 1930, Dublin inaendeshwa kwa mfumo wa meneja wa jiji. Meneja, ambaye tangu 2014 anaitwa mtendaji mkuu, ni mtumishi wa kuajiriwa, hapigiwi kura, lakini shughuli za utendaji ziko mikononi mwake. Madiwani hupitisha bajeti, mpango wa matumizi ya ardhi na sheria ndogo ndogo. Nyumba fulani apewe nani, hilo ni la meneja na maofisa wake. Diwani anaweza kuandika barua, kupiga simu, kusindikiza mama mwenye watoto hadi kaunta, kulalamika kikaoni. Kuamuru hawezi.

Halafu kuna fedha. Fianna Fáil, chama cha Haughey, iliingia uchaguzi wa 1977 ikiahidi kufuta kodi ya majengo ya makazi, ikashinda kwa kishindo, na kuanzia 1978 kodi hiyo ikafutwa. Wenye nyumba walishangilia. Mabaraza yakapoteza chanzo kikubwa cha mapato yao wenyewe, na pengo likawa linazibwa kwa ruzuku kutoka serikali kuu. Gregory akawa diwani mwaka mmoja tu baadaye. Kwa hiyo aliingia katika baraza ambalo meneja anatawala na wizara ndiyo inayolisha. Nyumba za jiji zilijengwa kwa fedha za serikali kuu. Aliyetaka nyumba nyingi zijengwe Summerhill, mmoja wa mitaa hiyo maskini, alikuwa na mlango mmoja wa kugonga, nao haukuwa wa jiji.

Na hali ya mitaa yenyewe ilikuwa imeharibika. Bandari iliyolisha familia za upande ule kwa vizazi ilikuwa imegeukia makontena. Kazi waliyoifanya mamia ya wapagazi sasa ilifanywa na winchi na watu wachache. Majengo ya kupanga yalikuwa yamechakaa, familia zilihamishiwa viungani, na viwanja vilivyobomolewa vilibaki wazi au kugeuzwa maegesho ya magari. Kisha heroini ikaingia. Utafiti uliofanyika mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika sehemu moja ya mitaa hiyo ulionyesha kwamba kijana mmoja kati ya kumi, wa umri wa miaka 15 hadi 24, alikuwa ameitumia ndani ya mwaka mmoja. Nchi ilikuwa bado haijakubali kuwa ina tatizo hilo.

Mtu wa namna hii, asiye na chama wala fedha, anaingiaje bungeni? Hapa lazima tueleze namna watu wa Ireland wanavyopiga kura, kwa sababu katika mfumo wa mshindi mmoja kila jimbo Gregory asingefika popote.

Katiba ya Ireland inataka jimbo liwe na wabunge wasiopungua watatu, na sheria inaweka ukomo wa watano. Mpiga kura haweki tiki. Anaandika 1 mbele ya anayemtaka zaidi, 2 kwa wa pili, 3 kwa wa tatu, hadi atakapochoka. Dublin Central mwaka 1982 ilikuwa na viti vitano. Kiwango cha kushinda hupatikana kwa kugawa kura halali kwa idadi ya viti ukiongeza kimoja, kisha unajumlisha kura moja. Tuseme kura halali ni 42,000: unagawa kwa sita, unapata 7,000, unaongeza moja. Atakayefikisha 7,001 amepita. Kura zake za ziada huhamishiwa kwa wale walioandikwa namba 2. Anayeshika mkia huondolewa, na kura zake nazo huhamia kwa aliyefuata kwenye karatasi. Hesabu inakwenda raundi baada ya raundi, wakati mwingine hadi usiku wa pili, na mawakala wamesimama nyuma ya kizuizi wakichungulia kila karatasi inapofunguliwa.

Maana yake kivitendo ni mbili. Mgombea anayeungwa mkono na takriban mtu mmoja kati ya sita anaweza kupata kiti. Na mwenye kura chache za mwanzo anaweza kupanda polepole kwa kura za pili na za tatu za watu wanaomheshimu ingawa ni wafuasi wa vyama vingine. Diwani anayeijua kila ngazi ya kila jengo anavuna hasa hapo. Serikali za Fianna Fáil zilijaribu mara mbili kuufuta mfumo huu kwa kura ya maoni, 1959 na 1968, na mara zote mbili wananchi wakakataa. Mimi naona walifanya la busara. Gregory alijaribu ubunge mwaka 1981 akashindwa. Kwa kawaida angengoja miaka minne au mitano, lakini serikali ya Garret FitzGerald, kiongozi wa chama cha Fine Gael, ilidumu miezi michache tu. Ilianguka Januari 1982 bajeti yake ilipokataliwa, na kilichowaudhi watu zaidi katika bajeti hiyo kilikuwa kodi ya VAT kwenye viatu vya watoto. Uchaguzi ukarudiwa tarehe 18 Februari. Safari hii Gregory akapita.

Sasa tazama hesabu, kwa sababu mara nyingi husimuliwa kwa haraka na kukosewa. Wabunge walikuwa 166. Fianna Fáil ya Haughey ilipata 81, Fine Gael ya FitzGerald 63, Labour 15, na chama cha mrengo wa kushoto cha Sinn Féin The Workers' Party 3. Wanne hawakuwa na chama. Mmoja kati ya hao wanne, John O'Connell, alikuwa Spika, na Spika hapigi kura ila pale zinapolingana. Zikabaki kura 165, na ushindi ni 83. Neil Blaney wa Donegal alielekea kwa Haughey: 82. Jim Kemmy wa Limerick alielekea upande wa pili. Kama wale watatu wa mrengo wa kushoto nao wangempinga Haughey, ingekuwa 82 kwa 82, na mtu mmoja amebaki: mwalimu wa miaka 34, asiyevaa tai. Aliingia bungeni bila tai kwa kusudi. Alisema wengi wa wapiga kura wake hawana uwezo wa kununua tai, na hakuivaa hadi mwisho.

Haughey alikwenda mwenyewe hadi ofisi yake ya Summerhill Parade. FitzGerald naye akaenda. Upande wa Gregory waliketi watu wa mtaani: kaka yake Noel, pamoja na Fergus McCabe na Mick Rafferty, wote wawili wafanyakazi wa jumuiya. Hawakuomba uwaziri, wala barabara ya lami mbele ya nyumba ya mtu. Walikuja na orodha waliyoiandaa kutokana na miaka ya kazi, wakataka kila kipengele kiandikwe. FitzGerald alitoa ahadi zake, lakini za Haughey zilikwenda mbali zaidi. Waraka uliotokea ulisainiwa na Haughey na Gregory, na shahidi aliyetia saini alikuwa Michael Mullen, katibu mkuu wa chama kikubwa cha wafanyakazi, ITGWU.

Ndani yake kulikuwa na nini? Pauni milioni 4 za kuajiri watu 500 wa mitaa ya kati. Pauni milioni 91 za ujenzi: nyumba 440 katika jimbo lake, na nyumba nyingine 1,600 katika sehemu nyingine za Dublin. Kiwanda cha karatasi cha Clondalkin, ambacho kilikuwa kimefungwa, kichukuliwe na serikali. Eneo la ekari 27 la mamlaka ya bandari, pale Custom House Docks, lichukuliwe kwa manufaa ya umma. Angalia vizuri: nyumba nyingi zaidi ziliahidiwa nje ya jimbo lake kuliko ndani, na Clondalkin iko mbali kabisa na Summerhill. Wanaosema alijipendelea huwa hawaufungui waraka huo.

Tarehe 9 Machi 1982 Gregory alisimama bungeni akayasoma makubaliano hayo, yakaingia katika kumbukumbu rasmi za Bunge. Kila mwananchi angeweza kujua kura yake ilipatikana kwa masharti gani. Kisha akampigia Haughey. Wale watatu wa mrengo wa kushoto nao walimpigia, na matokeo yakawa 86 kwa 79. Ukiangalia matokeo peke yake utasema Haughey angeshinda hata bila Gregory. Lakini makubaliano yalifanywa wakati ambapo hakuna aliyekuwa na hakika na kura za wale watatu, na ndiyo maana yaligharimu vile.

Serikali hiyo haikumaliza mwaka. Novemba 1982 ilishindwa kura ya imani, 82 kwa 80, na uchaguzi wa tatu ndani ya miezi kumi na minane ukaleta muungano wa Fine Gael na Labour, ambao haukujiona umefungwa na saini ya Haughey. Baadhi ya nyumba zilijengwa, na wakazi wa mitaa hiyo huzihusisha na makubaliano hadi leo. Ahadi nyingi nyingine zilibaki kwenye karatasi. Zile ekari 27 ndizo zinazonisikitisha zaidi. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1980 eneo hilo liligeuzwa kituo cha kimataifa cha huduma za fedha, IFSC, mradi ambao Haughey mwenyewe aliubeba aliporudi madarakani mwaka 1987. Benki na ofisi za vioo zilipanda hatua chache kutoka mitaa ya watu waliokuwa wameahidiwa ardhi ile, na kazi zilizopatikana humo zilihitaji shahada ambazo watoto wa wapagazi wengi hawakuwa nazo.

Lipo lawama moja dhidi ya makubaliano ambalo naliona lina uzito. Mwaka huo huo kulikuwa na mitaa maskini Limerick, Cork, na viungani mwa Dublin yenyewe, ambayo haikupata ahadi yoyote ya namna hiyo kwa sababu mbunge wake hakuwa mtu wa 83. Ugawaji wa fedha za umma kwa bahati ya hesabu si haki, na ni kweli. Lakini lawama hilo linamwangukia nani? Jiji lenye kodi yake na mamlaka yake lingezijenga nyumba za Summerhill bila kungoja Bunge lifungane. Gregory alikuta mlango mmoja tu umefunguka, kwa siku chache, akaingia na orodha ya watu wake mkononi. Ningependa kumwona diwani ambaye angeugeuzia mgongo.

Nafasi kama ile haikumrudia. Mwaka 1987 Haughey alipogombea tena uwaziri mkuu, Gregory hakupiga kura upande wowote. Matokeo yakawa 82 kwa 82, na Spika Seán Treacy akaamua kwa kura yake kumpitisha Haughey. Lakini ukimpima Gregory kwa siku za Machi 1982 peke yake unampunja, kwani alikaa bungeni miaka karibu 27 na akashinda kila uchaguzi mkuu uliofuata: Novemba 1982, 1987, 1989, 1992, 1997, 2002 na 2007. Na katika jimbo hilo hilo alikuwapo Bertie Ahern, Waziri Mkuu kuanzia 1997 hadi 2008, mwenye mashine ya kampeni iliyoogopwa nchi nzima.

Kura hizo alizipata kwa kazi ambayo haiingii kwenye vitabu vya historia: barua za maombi ya nyumba, kesi za kodi ya pango, lifti iliyoharibika kwenye jengo la ghorofa. Alisimama pia na wachuuzi wa barabarani, wengi wao akina mama waliouza matunda na bidhaa ndogo ndogo Henry Street na Moore Street wakizibeba katika vigari vya watoto, huku polisi wakiwafukuza na kutwaa mali. Aliandamana nao, akafikishwa mahakamani, na alipotakiwa kutia saini hati ya kuahidi kutunza amani alikataa. Mwaka 1986 akafungwa wiki mbili gereza la Mountjoy, akiwa mbunge.

Suala la heroini lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu lilimgusa jirani kwa jirani. Wazazi waliunda kundi la Concerned Parents Against Drugs, wakafanya mikutano ya hadhara na kuandamana hadi milangoni kwa wauzaji. Gregory alihudhuria mikutano yao wakati wanasiasa wengi walikaa mbali. Kwa miaka alidai jambo moja mahususi: serikali iwanyang'anye wauzaji wakubwa mali zao, kwa kuwa wanaishi katika majumba makubwa huku mtaa ukiwaona na hakuna anayewauliza fedha zimetoka wapi. Juni 1996 mwandishi wa habari Veronica Guerin aliuawa kwa risasi akiwa ndani ya gari lake, na nchi nzima ikashtuka. Oktoba mwaka huo ikaanzishwa Criminal Assets Bureau, idara inayounganisha polisi, maofisa wa kodi na wa ustawi wa jamii, yenye uwezo wa kukamata mali ya uhalifu hata mwenyewe hajatiwa hatiani. Wakazi wa kaskazini mwa Dublin walikuwa wamezika watoto wao zaidi ya miaka kumi kabla ya hapo.

Alipenda wanyama pia, na mwaka 1993 alipeleka muswada wa kupiga marufuku mchezo wa kukimbiza sungura kwa mbwa. Ulishindwa, wabunge wa vijijini hawakutaka kuusikia. Muda wote huu aliendelea kuvaa kofia mbili, mbunge na diwani, kama wabunge wengi wa Ireland wa wakati ule. Sheria ya mwaka 2003 ilikomesha desturi hiyo, na kuanzia uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2004 mbunge hakuruhusiwa tena kukaa barazani. Gregory akaliacha baraza baada ya miaka 25, na Mick Rafferty, yule aliyekuwa mezani Summerhill Parade, akachaguliwa kuwa diwani.

Wabunge huru wengine walijifunza kutoka kwake, ingawa hawakujifunza kila kitu. Ahern alipounda serikali ya wachache mwaka 1997 aliegemea wabunge huru kama Jackie Healy-Rae wa Kerry na Mildred Fox wa Wicklow, kwa makubaliano ambayo hayakuwekwa wazi kwa umma. Wananchi waliona tu barabara na miradi ikitokea huku na kule, wakabaki kukisia. Tofauti hiyo naiona kubwa kuliko kiasi cha fedha. Makubaliano ya Gregory yalikuwa na masharti yaliyosomwa kwa sauti bungeni, ndiyo maana hata leo tunaweza kuhesabu yapi yalitimizwa na yapi hayakutimizwa.

Gregory alifariki tarehe 2 Januari 2009 kwa saratani ya tumbo, akiwa na miaka 61. Uchaguzi mdogo wa Juni mwaka huo ulishindwa na Maureen O'Sullivan, mwalimu aliyefanya naye kampeni kwa miaka mingi na aliyekuwa ameingia baraza la jiji mwaka 2008 kushika nafasi ya Rafferty. Naye alikaa bungeni bila chama, kwa kura za mitaa ile ile, hadi uchaguzi wa 2020.